Kabla ya kumwita mganga, kagueni jiko na dari

Mhariri,

Habari mliyochapisha ya mzimu unaodaiwa kuranda katika jumba kongwe la makumbusho ya sanaa huko ng'ambo imezungumzwa sana hapa Dodoma, maana nasi tuna majengo ya zamani, mengine tangu enzi za Mjerumani, na hayakosi uvumi wa namna hiyo. Sisi tunaoyatunza tunasihi ukaguzi utangulie.

Anzeni na jiko. Juni na Julai usiku huku ni baridi, mlinzi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kifua hubana, na mtu aweza kusikia hatua za asiyekuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyosikia na kuona mambo ya ajabu nyumbani; kumbe tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na hewa chafu ilirudi ndani. Mlinzi mwenye dalili hizo atolewe nje na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Vishindo vinavyosikika jua likizama ni mabati. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30 hunywea kama milimita 1. Misumari hulishikilia, kisha huliachia ghafla. Sauti ikija usiku wa manane, tafuteni popo au bundi. Hapo tusikawie, kwa sababu mkojo wa popo hupenya dari na kuharibu rangi za picha zilizo chini yake. Pandeni mchana mkiwa na barakoa, glavu na tochi. Matundu yazibwe kwa wavu jioni, popo wote wakishatoka, na kamwe si wakati wa makinda, yatafia humo na kuoza.

Viduara vyeupe vinavyoelea kwenye kamera za usiku ni vumbi au wadudu waliomulikwa karibu na kioo. Kifuteni, na utando wa buibui uondolewe.

Hatudharau matambiko. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, wenyeji bado wanatambika, na waheshimiwe. Ila mlinzi anayelala na jiko ndani yumo hatarini usiku huu. Mkiandika tena habari ya mzimu, mwandishi wenu aulize kwanza jiko hulala wapi, na dari ilikaguliwa lini.

Watunza majengo ya kale,
Dodoma