Ahadi ya kocha haijawa barua ya chuo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wazazi ambao watoto wao wanakimbia, wanacheza kikapu au soka, na ambao kila UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikiisha huambiwa kwamba kuna chuo Marekani kinamtaka kijana kwa skolashipu kamili. Maneno hayo si ya uongo wakati wote. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet alitoka hapa Dar es Salaam, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA. Njia ipo. Kinachotuuma ni kuona familia ikiuza kiwanja au ikimlipa wakala kabla haijauliza maswali mawili yasiyo na gharama. Je, ofisi ya udahili itampokea? Na baada ya misaada yote, sisi tutabakiwa na kiasi gani cha kulipa kila mwaka?

Kocha anaweza kulisukuma jina la kijana, na kwa vyuo vingine nguvu yake ni kubwa. Lakini anayedahili ni ofisi ya udahili, na hesabu inayoibana familia hutoka ofisi ya misaada ya fedha. Ujumbe wa WhatsApp wa kocha, hata uwe mtamu namna gani, haujawa barua ya ofisi yoyote kati ya hizo.

Fedha zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza hutolewa kwa ajili ya mchezo. Hiyo ipo katika daraja la kwanza na la pili la NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, ipo NAIA, chama kingine kidogo, na ipo katika baadhi ya vyuo vya miaka miwili vya chama cha NJCAA. Daraja la tatu la NCAA halitoi, na vyuo vinane vya Ivy League, kundi la kina Harvard na Yale, havitoi ingawa vinashindana daraja la kwanza. Mzazi akisikia hivyo huvifuta vyuo hivyo kwenye orodha, na hapo ndipo wengi hupoteza fursa. Vyuo hivyo hutoa fedha ya aina ya pili, inayokadiriwa kwa uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth na Amherst hawatazami uwezo wa familia wakati wa kumchagua mwombaji, hata akiwa mgeni, na aliyepokelewa hujaziwa pengo lote linaloonekana katika hesabu zao. Mlango wao ni mwembamba mno. Vyuo vingi vingine huangalia: mgeni anayehitaji dola nyingi anakuwa na nafasi ndogo kuliko mgeni anayejilipia, hata wakilingana alama. Hilo lazima aulizwe kocha waziwazi, kwa sababu yeye anajua kama chuo chake kina fungu la wageni au hakina.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chuo cha daraja la pili kina gharama nzima ya dola 42,000 kwa mwaka, na ndani yake ada ya masomo ni 28,000. Kocha anatoa "asilimia 60". Nyumbani watu wanapiga hesabu ya asilimia 60 ya gharama nzima, kumbe ni ya ada peke yake, yaani dola 16,800. Zinabaki 25,200. Kwa dola moja shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 63, na ni mwaka mmoja kati ya minne. Chuo cha daraja la tatu chenye gharama ya dola 85,000, kisichotoa senti kwa ajili ya mchezo, kikikadiria kwamba familia inaweza kuchangia dola 3,000 na kikajaza zilizobaki, ndicho cha bei nafuu. Kwa hiyo msilinganishe ukubwa wa skolashipu. Linganisheni kinachobaki, na ndani yake mhesabu bweni, chakula, bima ya afya, vitabu, nauli ya ndege na mahali pa kulala likizo za chuo bweni likifungwa.

Kuna kodi pia, na mawakala huwa hawaisemi kabisa. Sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu vya lazima haikatwi. Inayolipia bweni na chakula hukatwa kodi, na kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kiwango kinachozuiwa ni asilimia 14. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Bweni na chakula vikiwa dola 20,000, kodi ni dola 2,800, karibu shilingi milioni 7, na huwekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi kama deni.

Wale wa riadha wajue jambo jingine. Kabla ya Julai 2025, timu ya riadha ya wanaume daraja la kwanza iliruhusiwa kugawa skolashipu 12.6 tu kwa kikosi kizima. Sasa vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vimewekewa ukomo wa kikosi, watu 45, na chuo kinaweza kumfadhili kila mmoja wao. Kinaweza, wala hakilazimiki. Ukomo huo umewaumiza waliokuwa wakijiunga bila ufadhili wakisubiri nafasi, kwa sababu nafasi hizo zimepungua.

Turudi kwenye udahili. Vyuo vya Ivy League na vingi vya daraja la tatu vina usomaji wa awali: kocha hupeleka matokeo ya kijana ofisi ya udahili kuanzia Julai, kabla ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari, ofisi inampa kocha dalili kama atapita. Kwetu hiyo ni Julai ya kumaliza Kidato cha Tano. Kocha aombwe apeleke na makadirio ya fedha wakati huohuo. Kisha aulizwe hivi: "Je, nimo kwenye orodha utakayoiunga mkono kwenye ofisi ya udahili? Kati ya uliowaunga mkono mwaka jana, wangapi walikataliwa?" Kocha anayemhitaji kijana hujibu moja kwa moja. Anayesema tu "tungefurahi uombe" hana nafasi ya kumpa.

Usomaji huo huharibika kwa sababu ya karatasi zetu. Chukua cheti cha Kidato cha Nne chenye daraja la kwanza la pointi 12. Kwa Mtanzania hayo ni matokeo mazuri sana, kwa sababu daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17 na pointi chache ndiyo sifa. Afisa wa Marekani amezoea namba kubwa kuwa ndiyo nzuri. Ripoti ya shule nayo inaonyesha Fizikia 66. Kwao 66 ni kufeli au karibu na kufeli; kwa NECTA, Kidato cha Nne, 65 hadi 74 ni B, na A inaanzia 75. Kidato cha Sita ngazi inapanda: A inaanzia 80, B 70, C 60. Asipoelezwa, mtoto wa daraja la kwanza anasomwa kama mtoto wa chini ya wastani, na hakuna atakayempigia simu kumwambia kwa nini amekataliwa.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wa wasifu wa shule, wenye muhuri na saini ya mkuu wa shule. Uandikwe mizani ya alama za NECTA, maana ya pointi na madaraja, idadi ya watahiniwa wa shule na wangapi walipata daraja la kwanza, na nafasi ya kijana darasani. Upelekwe pamoja na matokeo, si baadaye. Upitishwe kwenye skana, kwa sababu picha ya simu yenye kivuli cha mkono hurudishwa. Na jina liwe moja: cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti na cheti cha NECTA vikitofautiana hata kwa herufi ya jina la kati, faili husimama kwa wiki kadhaa.

SAT, mtihani wa kuombea chuo Marekani, haidaiwi tena na NCAA tangu 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuidai. MIT, Harvard na Dartmouth wameirudisha. Kijana wa PCM au PCB aliyejiandaa miezi mitatu anaweza kupata alama nzuri ya hesabu, na alama hiyo hupunguza mashaka ya afisa asiyeijua NECTA.

Rekodi za mchezo nazo zina kosa lake. Muda wa saa ya mkononi hauhesabiwi sawa na wa kielektroniki: katika mita 100 na 200 kocha huongeza sekunde 0.24, katika 400 huongeza 0.14. Kijana wa 10.6 kwa saa ya mkono anasomwa kama 10.84. Andikeni wazi ni saa gani, uwanja gani, tarehe gani, na upepo kama ulipimwa, maana ukizidi mita 2.0 kwa sekunde muda hauhesabiwi kuwa rekodi. Muda wa mita 1,500 uzidishwe kwa 1.08 kupata makadirio ya maili, kwa sababu ndani ya ukumbi wao hukimbia maili. Video ya soka au kikapu iwe ya dakika tatu au nne, kijana aonyeshwe kwa mshale kabla ya kila tukio, na mechi moja nzima iambatanishwe.

Katika daraja la kwanza na la pili la michezo ya vyuo, kijana lazima apitishwe na Kituo cha Ustahiki cha NCAA. Humo ataulizwa tarehe ya kumaliza sekondari na kila timu aliyochezea baada ya hapo. Kanuni za muda zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo aulize kwa maandishi kama kwake muda wa ustahiki unaanza kuhesabiwa Kidato cha Nne au cha Sita. Mkataba wowote wa klabu utajwe. Unaofichwa hugunduliwa, na humgharimu kuliko ungetajwa.

Fomu ya FAFSA, ya misaada ya serikali ya Marekani, si ya wageni. Watoto wetu hujaza CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza kipato cha familia, au fomu ya chuo husika, na anayeshindwa kulipa ada ya CSS Profile anaweza kukiandikia chuo kuomba msamaha. Mama mwenye genge au baba mwenye bajaji asiogope kwamba hana slipu ya mshahara. Aandike barua ya kipato cha kila mwezi, aambatanishe taarifa za M-Pesa na benki za mwaka mzima, leseni ya biashara kama ipo, na barua ya serikali ya mtaa. Shamba la Mkuranga na kiwanja cha Kigamboni vitajwe. Kosa tunaloliona linaumiza zaidi ni salio la kuazima: familia inaandika kipato kidogo kwenye fomu ya misaada, halafu kwa ajili ya viza mjomba anaingiza milioni 80 kwenye akaunti kwa wiki mbili. Karatasi mbili zinapingana, na kijana anaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu.

Ombi la mapema la aina iitwayo Early Decision, ambalo mwisho wake huwa Novemba 1 au 15, humfunga kijana kujiunga akipokelewa. Linaongeza nafasi pale kocha anapomuunga mkono, na linavunjika tu fedha zikionekana hazitoshi. Bila makadirio ya fedha ya maandishi, lisisainiwe.

Tarehe zetu nazo hazikai sawa na zao. Mitihani ya Kidato cha Sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, wito wa JKT unaingia katikati ya hayo, na chuo kinafungua Agosti. Fomu ya I-20 ya kuombea viza, ambayo chuo hutoa baada ya kuthibitisha fedha za mwaka wa kwanza, ifuatiliwe mapema, na utaratibu wa JKT uulizwe barua ya chuo ikiwa mkononi. Kabla ya kulipa ada yoyote ya viza, someni tangazo la ubalozi la siku hiyo kuhusu viza za wanafunzi kwa Watanzania. Masharti hayo yamekuwa yakibadilika kwa amri za serikali ya Marekani, na chuo hakina uwezo wa kuyaondoa. Ushauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma huko, hautozwi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu kwa taarifa hizo.

Na dirisha la udahili la TCU na la mikopo la HESLB lisipitwe kwa sababu ya Marekani. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, kwa kuwa foleni ya uhakiki hurefuka dirisha likishafunguliwa, na kijana mwenye barua ya Marekani isiyo na fedha hubaki nyumbani mwaka mzima wakati nafasi yake Mlimani ilikuwepo.

Walimu wawili wa sekondari, michezo na ushauri wa masomo,
Temeke, Dar es Salaam