Udongo uchunguzwe kabla ya kupanga matumizi ya ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu upimaji wa udongo, ambao tangu ruzuku ya mbolea irejeshwe msimu wa 2022/23 umekuwa ukizungumzwa sana, lakini kwa upande mmoja tu.

Afisa ugani anapochota udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, sehemu mbalimbali za shamba, akauchanganya na kupima tindikali na virutubisho, anachopata ni hali ya rutuba. Taarifa hiyo ni ya lazima, kwani kwenye udongo wenye tindikali kali ambao haujawekwa chokaa, sehemu kubwa ya fosfati, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, hunaswa na udongo wenyewe na mkulima hupoteza fedha zake. Hata hivyo, rutuba hurekebishika. Kina cha udongo, mteremko, na namna maji yanavyopenya havibadilishwi na mfuko wa mbolea, na hivyo ndivyo vyenye uzito mkubwa katika kuamua daraja la ardhi, yaani inafaa kwa kiasi gani kwa matumizi fulani.

Kina na upenyaji wa maji hujulikana kwa kuchimba shimo la mita moja na nusu hivi. Mpimaji hushuka ndani, akakwangua ukuta kwa kisu, akalowesha udongo na kuufinyanga vidoleni ajue kama ni kichanga, tifutifu au mfinyanzi, kisha akatazama rangi. Akikuta ukijivu wenye madoa ya kutu kuanzia sentimita 40, anatambua kuwa maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku hiyo ni kiangazi na pamepasuka kwa ukavu. Mchungwa ukipandwa hapo huoza mizizi, ilhali mpunga hustawi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 1976 hauiiti ardhi nzuri au mbaya kwa jumla, bali huipa daraja kwa kila aina ya matumizi.

Sehemu ya elimu hii ina asili yake hapa hapa mkoani Tanga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, ndiye aliyeeleza miaka ya 1930 jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi mbugani, na hadi leo dhana hiyo inafundishwa vyuoni duniani. Inasikitisha, basi, kwamba mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chetu ulichorwa kwa kufuata barabara na mito, pasipo kuchimba shimo hata moja, na eneo lililotengewa mahindi hujaa maji kila masika.

Ninaiomba Serikali iweke uchunguzi wa udongo kuwa sharti kabla mpango wowote wa kijiji haujaidhinishwa. Gharama haitatisha, kwa kuwa mashimo machache yaliyopangwa kufuata mteremko hueleza eneo kubwa, na wataalamu tunao katika kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Matokeo yachorwe kwenye ramani ya Kiswahili, yakiwa na majina ya udongo tunayoyatumia wenyewe vijijini, na ibandikwe ofisi ya kijiji ambako kila anayeomba shamba ataisoma kabla ya kugawiwa.

Mkulima,
Mkoa wa Tanga