Baba Neema, anza na benchi

Kimara, Dar es Salaam

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi sana. Sisi huku wazima, Mama Rehema mguu wake unaendelea vizuri, na anakusalimu wewe na shemeji. Barua yako nimeipata, pamoja na picha ya gereji tupu na ile karatasi ya vifaa 17 vya useremala ulivyoviorodhesha, kila kimoja na bei yake pembeni. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa karakanani, nikainua macho ukutani nikahesabu: katika hivyo 17, mimi ninavyo sita. Na kwa hivyo sita nimetengeneza kitanda cha Rehema, meza ya kulia, milango miwili na kabati la vyombo.

Kwa hiyo nakuomba kama ndugu yangu, hiyo karatasi iweke kando kwanza. Kiinua mgongo kinakuja mara moja tu. Hamu yako naijua, maana miaka yote ya kazini ulikuwa unasema ukistaafu unarudi kwenye mbao. Lakini nimeshaona watu waliomaliza fedha kwenye mashine mwezi wa kwanza, wakakosa hata ya kununulia mbao, na mashine zenyewe leo zimefunikwa turubai. Sitaki hilo likukute.

Gereji yako kwa kuangalia picha ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 au pungufu kidogo. Inatosha kabisa, yangu haifiki hapo. Kabla ya zana yoyote, shughulikia mwanga. Ule mlango mkubwa ndio dirisha lako, kwa hiyo kaa karibu nao, na mwanga ukujie kwa upande wa kushoto kwa kuwa unatumia mkono wa kulia. Ukikujia kulia, kivuli cha mkono kinafunika mstari unaoukata. Halafu toa bati moja hapo juu, uweke lile la plastiki linalopitisha mwanga, na kuta uzipake chokaa nyeupe. Mimi nilifanya hivyo kabla sijanunua hata nyundo, na mpaka leo mchana sihitaji taa. Mbao zako usizilaze sakafuni. Mchwa na unyevu wa huko Morogoro chini ya Uluguru unavijua kuliko mimi.

Sasa benchi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Benchi langu la kwanza lilikuwa la plaiwudi juu ya miguu myembamba. Nikisukuma randa, kile chombo cha kulainishia ubao, benchi lote linasogea, ubao unarukaruka, na nguvu yangu inaishia sakafuni. Kwa miezi mitatu niliamini randa ni mbovu. Nikanunua nyingine. Nayo ikawa vilevile. Siku moja nikaufunga ubao uleule kwenye benchi zito la fundi mmoja kule Keko, nikapitisha randa yangu ya kwanza, na ukanda mrefu wa mbao ukatoka laini kama karatasi. Nilirudi nyumbani nikalivunja lile benchi jioni hiyohiyo.

La pili nililitengeneza hivi. Nilinunua mbao sita za paini za inchi 2 kwa 4, futi 12 kila moja, zile zinazotoka Sao Hill huko Mufindi. Nilichagua zilizonyooka na kukauka. Usione haya kuzichambua moja moja pale dukani, uitazame kila moja kwa jicho moja kutoka kichwani. Nikazikata katikati, nikapata vipande 12 vya futi 6. Vipande hivyo sikuvilaza, nilivisimamisha kwa ubavu, nikavipaka gundi na kuvibana pamoja. Uso ukatoka wenye unene wa karibu sentimita 9 na upana wa zaidi ya nusu mita. Klampu za kubania sikuwa nazo. Nilitoboa matundu matatu yanayopita vipande vyote, nikapitisha vyuma virefu vyenye nyuzi, nikakaza nati kwa spana pande zote mbili. Vyuma hivyo vimebaki humo ndani mpaka leo, vinafanya kazi ya klampu kumi ambazo sikuzinunua. Matundu yatoboe kabla ya kupaka gundi, na uhakikishe yanalingana, maana gundi ikishapakwa haikusubiri. Miguu ni ya 4 kwa 4, na upande mmoja nimelifunga ukutani kwa bolti. Jumla nilitumia kama shilingi 140,000.

Urefu wake kwenda juu usiufuate wa mtu mwingine. Vaa viatu vyako vya kazi, simama wima, acha mikono ining'inie, kisha shemeji akupime kutoka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hapo ndipo uso wa benchi unapotakiwa kufika. Kwangu ni sentimita 84. Wewe ni mrefu, likiwa la kwangu utaumia mgongo kabla ya saa sita mchana.

Kwenye benchi funga jiliwa ya kubania kazi, ile ambayo wenzetu wa gereji wanaiita vaisi. Ifunge juu ya mguu wa benchi, si katikati, ili unapogonga kwa nyundo pigo lishuke moja kwa moja sakafuni.

Kwenye umeme usibane matumizi, na usijifanyie mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA akuvutie laini ya gereji peke yake kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme, waya wa milimita 2.5 za mraba, na breka yake. Mwambie aweke na ile swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Hiyo ndiyo itakayokuokoa siku waya wa mashine ukichubuka na wewe umesimama kwenye sakafu yenye maji. Ekstensheni ya kuzungusha ukiitumia, ikunjue yote mpaka mwisho. Ikiwa bado imeviringwa na mashine inavuta umeme mwingi, inapata joto ndani kwa ndani mpaka plastiki inayeyuka.

Na zana za mtumba za umeme, soma kibao chake kabla ya kutoa hela. Mwaka niliohamia huku nilipata msumeno wa umeme wa Kijapani, mzito, mzuri, bei ndogo sana. Muuzaji akaniambia chomeka tu. Nilichomeka, na haukumaliza dakika moja ukatoa moshi. Kibao kilikuwa kimeandikwa volti 100, ndio umeme wa Japani. Wa Marekani ni 120. Wetu ni 230, na mota ya volti 100 haiwezi kuuvumilia. Iliniuma, maana ile fedha ilikuwa ya mbao za kitanda.

Naona kwenye karatasi yako kinachokula fedha kuliko vyote ni msumeno wa meza na mashine ya kuranda. Viache. Kwenye yadi za mbao wana mashine kubwa za kupasua na kuranda, na wanakutoza kwa ubao. Peleka mbao zako pale na vipimo ulivyoviandika, upasuliwe, urandiwe pande nne, urudi nyumbani na mbao zilizo tayari. Kwa kazi za mtu mmoja, kabati moja mwezi huu, vitanda viwili mwezi ujao, itakuchukua miaka mingi kulipia yadi kiasi kinachofikia bei ya mashine hizo. Na gereji yako itabaki na nafasi ya kugeuza ubao wa futi 12.

Zana za mkono zitafute za zamani. Pale Gerezani, karibu na Kariakoo, nimepata randa ya chuma na patasi nne ambazo chuma chake mpya za bei rahisi hazikifikii. Randa igeuze uangalie mdomo wake, pale kisu kinapotokea, kama pana ufa. Ukiona ufa irudishe. Weka rula ya chuma chini ya tumbo lake uangalie kama mwanga unapita. Kutu ya juujuu isikutishe, inatoka kwa mafuta ya taa na msasa. Kutu iliyochimba mashimo kwenye mgongo wa kisu karibu na makali, hiyo achana nayo, kwa sababu makali ni nyuso mbili zinazokutana, na mgongo ukiwa na mashimo hapatakuwa na makali.

Kinoo kizuri ni ghali, lakini siku za kwanza nilitumia kipande cha kioo kinene cha dirisha na msasa wa maji, namba 240, kisha 600, kisha 1200. Sugua kwanza mgongo wa patasi mpaka ung'ae sawasawa pale mwishoni, halafu mbele kwa pembe ya nyuzi 25, na pale ncha kabisa uinyanyue kidogo ifike 30. Ijaribu kwa kukata kichwa cha paini, pale nyuzi zake zinapoishia. Patasi butu inaponda, inaacha pamechakaa. Patasi kali inaacha panang'aa. Tenga siku mbili nzima ujifunze kunoa kabla ya kutengeneza chochote. Mimi hakuna siku mbili zilizonifaa kuliko hizo tangu nianze. Ukimaliza kazi jioni, pitisha kitambaa chenye mafuta. Huku kwetu upepo wa bahari unaleta kutu kwa usiku mmoja. Huko una nafuu, lakini usizembee wakati wa masika.

Grainda, ile mashine ya mkononi ya diski ya kukatia na kusagia, utaihitaji, na hii ndiyo inayonifanya niwe mkali. Jirani yangu hapa amepoteza vidole viwili. Alikuwa ameondoa kile kinga cha chuma ili aweke diski kubwa ya inchi 9 kwenye grainda ndogo, kama wanavyofanya wengi mtaani. Sikiliza hesabu yake: grainda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski yake halali ya milimita 115 ikizunguka hivyo, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 tu. Ukiifunga kwenye mashine ndogo unaikimbiza zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, na ikipasuka hakuna mkono unaowahi kukwepa. Kinga isitoke kamwe. Miwani ivaliwe hata kwa mkato wa sekunde tano. Diski ya chuma usikatie mbao, na ile ya meno ya kukatia mbao usiifunge kwenye grainda kabisa. Tena angalia kile kipete cha chuma katikati ya diski, pameandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Gundi inayoishika diski inazeeka, hasa ikikaa kwenye unyevu. Diski iliyopita tarehe ivunje, usimpe mtu.

Shemeji ana pumu, sijasahau. Vumbi la mninga linabana kifua hata cha mtu mzima wa afya, na la mvule linawasha ngozi na pua. Mlango wa gereji yako naona unatokea jikoni. Uzibe pembeni kwa vipande vya mpira wa tairi, na kazi ya msasa ifanyie nje, upepo ukielekea barabarani, huku umevaa barakoa. Nguo za kazi ziachie gerejini.

Fedha mimi niliigawa kwa kazi. Kazi ya kwanza benchi: ikaniambia ninunue msumeno, drili, patasi moja, futi na skwea. Kazi ya pili mlango: ikaniambia randa na jiliwa. Kila kazi ilinionyesha kinachokosekana, nami nilinunua hicho tu. Ndani ya miezi minane nilikuwa nimetumia shilingi 900,000 na kidogo, benchi na umeme vikiwemo. Kabati la vyombo ulilomwahidi shemeji liwe kazi yako ya pili, naye atakuwa na subira zaidi na vumbi akiona lake linaendelea.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Gerezani nikaona jiliwa ya inchi 5, ya chuma cha kutupwa, midomo yake inakutana bila kuacha nafasi, na skrubu yake inazunguka laini mwanzo hadi mwisho. Nimeshainunua, nimeisafisha, nimeipaka grisi. Ni yako, usinitajie bei. Mwisho wa mwezi ujao nitapanda treni ya SGR nikuletee mwenyewe, nikae siku tatu, tulibane hilo benchi pamoja. Kazi ya gundi inataka watu wawili. Mbao zinunue sasa ili zipate kutulia, zipange chini ya kivuli ukiweka vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake upepo upite.

Nitumie kipimo cha kifundo cha mkono, na uniambie jua la asubuhi linaingilia upande gani wa gereji.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Baba Rehema