Barua kwa Zuhura: mpelelezi wako haongei na watu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama goti limetulia kidogo, anakusalimu.

Sura ya kwanza ya riwaya yako ya upelelezi nimeisoma yote jana usiku, na kwa kuwa ulinisihi nisikufiche, sikufichi. Maiti umeiweka pazuri. Aliyenichosha ni mpelelezi. Kashuka garini, kachukua alama za vidole, kapiga simu maabara, na kabla chai haijapoa keshajua. Hakuongea na mtu! Hata Poirot wa Agatha Christie unayempenda, kazi yake kubwa ni kukaa na watu wakasema mpaka mmoja ajikwae.

Kabla hujaendelea, mrudie Muhammed Said Abdulla, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Unguja. Najua ulimsoma shuleni, lakini kitabu cha mtihani hakisomwi, kinamezwa. Mtu wa Makunduchi yule, mzaliwa wa 1918. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikatoka kitabu 1960. Miaka hiyo alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Nacheka kila nikiwaza: anapitisha habari za shamba huku kichwani ana maiti.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, watu humwita Sherlock Holmes wa Unguja. Kiko anacho kweli, na rafiki yake Najum wa kumshangaa anaye, kama Holmes na Watson. Kwangu mimi undugu wao unaishia hapo. Holmes atakusomea tope la kiatu. Kwa Abdulla fundo mara nyingi liko kwenye ukoo: nani kamzaa nani, nani alioa kwa siri, nani kabadili jina. Mji mdogo, watu wanajuana mpaka vyungu vya jikoni, na bado yupo asiyemjua baba yake.

Na katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inakutwa mzimuni. Mwandishi mvivu angewasingizia mashetani. Abdulla anaiacha hofu ifanye kazi yake, watu wanong'one na kusogea mbali, halafu Bwana Msa anakwenda zake kumtafuta binadamu. Maabara gani itakupa hilo?

Nahisi unayemtaka wewe ni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Nami nampenda, Kufa na Kupona (1974) niliimaliza kwa mkao mmoja. Ila Gamba ni jasusi. Zimeibwa nyaraka za wapigania uhuru, anatumwa, na swali linakuwa nani atawahi kufyatua. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye hakai kitako. Huwezi kumpachika mtu wa namna hiyo kwenye shamba la minazi huko kwenu Pangani, akimbizane na nani?

Sasa yule mama muuza vitumbua wa ukurasa wa pili. Umempa sentensi moja ukamsahau, na wee, huyo ndiye dhahabu yako! Anawasha moto saa kumi alfajiri, kila apitaye anamwona, anajua nani kalipa na nani anadaiwa. Mfanye marehemu awe ananunua kwake vitumbua vya watu wawili kila asubuhi, ilhali mtaa mzima unajua anaishi peke yake. Polisi hataambiwa. Ataambiwa mtu aliyenunua chake, akavuta kigoda, akauliza habari za watoto.

Tena hilo la vitumbua vya watu wawili lisemwe mapema, ukurasa wa tatu tu, peupe, katikati ya malalamiko ya bei ya mchele, msomaji alipite bila kulijali. Ukilificha mpaka sura ya mwisho umemwibia. Mimi kitabu cha hivyo nakitupa.

Nitumie sura ya pili hata kama haijakaa sawa. Kisima cha Giningi cha Abdulla ninacho, jalada limetoka lakini kurasa zote zimo. Nitampa dada yako akija Dar. Safari hii ukirudishe.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Asha