Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na lile suala la kibao

Ndugu wanachama, habari za masiku. Ya mwaka huu mengi mnayajua, tumezungusha wanafunzi mjini mara 2, tumeenda Iringa kuona Boma la Mjerumani lilivyogeuzwa makumbusho tangu 2016 (kila mtu na nauli yake), picha za wazee zimeskaniwa, basi, nisiwachoshe.

Twende kwenye kibao chetu cha ile hoteli ya zamani hapa Mbeya mjini, maana najua ndicho kilichowaleta leo wale ambao mwaka mzima sijawaona. Kweli nilimwambia fundi rangi afute maneno "Hoteli ya Mjerumani" yaliyoandikwa pale bila kuitisha kikao, na kweli 85,000 ya kurudia imetoka kwenye ada. Lakini jamani, Mjerumani wa wapi? Yeye huku kwetu boma lake lilikuwa Tukuyu, hapa Mbeya mjini pameanza 1927 nchi ishashikwa na Mwingereza, watu wanakimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Hoteli ile ilikuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa 1948. Kuna mtu kaniuliza reli ipi wakati reli ya hapa, TAZARA, imejengwa 1970 mpaka 1975, swali zuri, ila watu wa reli walikuwa na mabasi na malori yao, wanapokea abiria wa treni Dodoma na Itigi wanawaleta mpaka huku, sasa mtu kashuka vumbi mpaka kwenye kope alale wapi? Shirika lenyewe likaja kugawanywa 1969, reli mbali bandari mbali, na lile la reli likafa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Hayo yote nimeyatafuta mwenyewe, kwa bando langu, sijadai hata mia.

Na kikao cha kujadili hilohilo niliitisha baadaye, mwezi wa nne, tukaja 5, mmoja alikuwa kamfuata mkewe tu. Tuko 43, waliolipa ni 16, imeingia 160,000, kibao 85,000, ukumbi na maji 40,000, imebaki 35,000. Anayesema nimekula hela aje aone daftari, ila aje na ada yake.

Kibao kipo sebuleni kwangu nyuma ya mlango. Rangi ilikuwa nyepesi, jua la jioni likikipiga "Mjerumani" inasomeka tena chini ya nyeupe, mke wangu anacheka kila siku. Mwakani Mungu akipenda tutapaka mkono wa pili, tuombe ruhusa tukisimamishe. Ada ni elfu 10, namba ya mweka hazina mnayo.