YAH: MALALAMIKO KUHUSU TRIUMPH BONNEVILLE YENYE NAMBA ZA KUGONGWA UPYA, NA DHARAU NILIYOFANYIWA SHORUMU KWENU

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba nianze kwa heshima, maana hasira ikitangulia barua haisomwi. Mimi ndiye niliyenunua kwenu pikipiki ya Triumph Bonneville T120R, nyekundu na fedha, kwa shilingi milioni 38. Risiti mnayo, fomu ya ukaguzi mnayo, na ile kauli ya udhamini mliyoibandika ukutani nyuma ya mhasibu mnaijua kuliko mimi. Sitaieleza upya. Nieleze yale ambayo hayakubandikwa ukutani.

Nilikuja kwenu na fundi wangu kueleza kwamba namba ya injini na namba ya fremu zimechakachuliwa. Nilikuja kwa utaratibu, nikasalimia, nikasubiri kwenye benchi kama walivyoniambia. Meneja wenu wa mauzo alipotoka ofisini hakukaa. Alinisikiliza akiwa amesimama, huku anaangalia simu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzee, sasa sisi tutajuaje kama hizo namba hukuzigonga mwenyewe huko Gerezani?" Alimaanisha kwa mafundi wa mtaani. Akacheka. Vijana wake wakacheka. Wateja waliokuwa wanaangalia pikipiki nyingine wakageuka kunitazama, na walichokiona ni mwizi.

Hilo nitalirudia, maana halijanitoka. Kwanza namba zenyewe.

Tangazo lenu lilisema: "Mwaka 1970, namba zinalingana, injini haijaguswa." Ya injini na ya fremu zinalingana kweli, sikatai. Zinalingana kwa sababu zimegongwa na mkono mmoja, kwa stempu zilezile, pengine siku moja. Namba ya injini na ya fremu zote zinaanza na herufi FD. Mnauza pikipiki za Kiingereza, kwa hiyo nachukulia kwamba mnafahamu herufi hizo ni za nini. Tangu mwaka 1969 kiwanda cha Triumph kule Meriden, Uingereza, kiliweka herufi mbili mwanzo wa namba: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka. D ni 1970, hapo aliyegonga alipatia. Ila miezi haiendi kama alfabeti ya darasa la kwanza. Januari A, Februari B, Machi C, Aprili D, Mei E, halafu Juni inarukia G. Julai H, Agosti J, Septemba K, Oktoba N, Novemba P, Desemba X. F haikutumika kuwa mwezi. Aliyekaa na nyundo na stempu zake alihesabu vidole mpaka sita akapata F, akaridhika. Kwa hiyo mmeniuzia Bonneville iliyotengenezwa katika mwezi ambao Meriden hawakuwa nao.

Meneja wenu aliponisikia nataja herufi hizo alisema pikipiki za Kiingereza "hazina mpangilio, Waingereza walikuwa wanagonga tu". Si kweli, na mtu anayeuza vitu hivi hapaswi kusema hivyo mbele ya mnunuzi. BSA, watengenezaji wengine wa pikipiki wa Kiingereza, nao walitumia herufi hizohizo tangu mwaka huohuo wa 1969, kampuni zilikuwa chini ya paa moja. Norton nao, kwenye pikipiki yao ya Commando, waligonga namba moja sehemu tatu: injini, giaboksi na fremu. Mpangilio upo. Tatizo ni kwamba unaumbua.

Kuna jambo lingine ambalo halihitaji hata kujua kusoma. Ubapa wa namba kwenye injini hii uko upande wa kushoto, chini tu ya silinda. Kwa injini za miaka hiyo, kabla ya kugonga namba, kiwanda kilijaza ubapa ule maneno madogo madogo ya jina la Triumph, safu kwa safu, ili mtu akipitisha tupa maneno yafutike na wizi uonekane. Kwangu hakuna hata neno moja. Kuna mistari ya tupa iliyokwenda upande, halafu msasa juu yake. Ukipitisha ukucha kutoka kwenye ukingo unasikia unashuka, maana chuma kimeliwa. Tarakimu 4 zipo mbili na hazifanani, moja imezama, nyingine imeinama.

Na hapa ndipo ninapotaka maelezo ya maandishi. Kabla ya kulipa niliomba kuona namba. Pikipiki ilikuwa bado iko stoo, nikatumiwa picha kwa WhatsApp na ofisa wenu. Picha hiyo ninayo. Imekatwa pembeni ikabaki T120R na tarakimu chache, lakini nyuma ya tarakimu hizo maneno madogo ya kiwanda yanaonekana vizuri kabisa. Pikipiki ilipofika shorumu, ubapa ulikuwa umebandikwa utepe, nikaambiwa ni kinga ya safari isiondolewe mpaka makabidhiano yakamilike. Basi hiyo picha ni ya injini gani? Iko wapi? Nani aliipata?

Fundi wangu aliifungua injini baada ya kuanza kuvuja oili mbele, chini ya silinda, siku chache tu tangu niichukue. Hatukuwa tunatafuta makosa, tulikuwa tunatafuta gasketi. Aliponyanyua silinda aliniita nije na tochi. Ndani ya ganda la injini, upande wa mbele, kuna makovu ya kuchomelea yaliyopandana kama mshono wa gunia, yamezunguka shimo ambalo hata mwenye ngumi kubwa angeweza kupitisha vidole vitatu. Hapo ndipo konirodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, hutokea inapokatika. Kwa nje kumesagwa, kukapigwa shanga za kioo kwa shinikizo la maji, aluminiamu ikatoka na rangi moja inayong'aa kama mpya. Ndiyo huo usafi mlioupiga picha kwa ajili ya tangazo. Kwa ndani hawakujisumbua, nani angefungua?

Ganda la injini hizi ni nusu mbili, kushoto na kulia, na kiwandani zilichongwa pamoja zikapewa alama moja chini yake, ili kusudi zisitenganishwe. Za kwangu zina alama mbili tofauti. Ni nusu za injini mbili zilizoolewa kwa nguvu. Ndiyo maana nyumba ya beringi kubwa imelegea, na mtu akaizungushia vidoti vya senta panchi ili chuma kivimbe kiishike beringi. Kazi hiyo hushika kwa muda wa kuuza. Juu ya pistoni pameandikwa 060, yaani sehemu sitini za elfu za inchi, maana yake silinda imeshachongwa karibu milimita moja na nusu zaidi ya kipenyo cha milimita 71 ilichotoka nacho kiwandani. Hiyo ndiyo injini "haijaguswa".

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na injini iliyotengenezwa. Pikipiki yenye zaidi ya miaka hamsini ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kuiendesha kwa amani. Nimeona maganda yaliyochomelewa na fundi anayejua, yakachongwa upya kwenye leith, yakakaa miaka. Mngeniambia "hii ilitoboka, ikachomelewa, bei yake ni hii", tungekubaliana au tungeachana kwa wema. Ganda lililochomelewa linapunguza bei. Namba iliyokwanguliwa inaondoa mwenye mali. Askari akinisimamisha Selander na kukuta namba za fremu zimezama kwenye rangi na puti, anayelala ndani ni mimi, na meneja wenu atakuwa amekaa kwenye kiyoyozi.

Na sasa nirudi kwa meneja huyo.

Sikusema yote pale juu kwa sababu nilikuwa najizuia. Nilikuwa nimeshika tochi ndogo, nimeinama kumwonyesha ule ubapa, namwambia, "Mwanangu, hebu pitisha ukucha hapa." Mwanangu, nilimwita. Alinipokonya tochi mkononi, akaizima, akaiweka juu ya tangi. Akasema, "Mzee, unaikagua utadhani unataka kuioa." Vijana wakaanza kucheka. Ndipo likaja lile la kwamba huenda nimezigonga mwenyewe Gerezani. Fundi wangu akajaribu kuongea, akaambiwa, "Wewe nyamaza, nyinyi ndio mnaowajaza wazee ujinga." Kisha akamwita mlinzi: "Msindikize mzee, amechoka." Mlinzi yule, kijana aliyenipa shikamoo asubuhi nilipofika, alinishika kiwiko huku ameangalia chini. Nikatolewa nje mbele ya watu niliowazidi umri wote. Tochi yangu ilibaki kwenu. Mpaka leo hakuna aliyeirudisha.

Tangu hapo ni danadana. Nikipiga simu, "yuko kikaoni". Nikituma ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya. Mara moja tu nilijibiwa, na jibu lilikuwa kwamba vitu vya zamani "huuzwa kama vilivyo". Soma tangazo lenu wenyewe. Halikusema kama vilivyo. Lilisema namba zinalingana na injini haijaguswa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Nionyesheni haki hiyo mmeipata wapi kwa pikipiki isiyojulikana ni ya nani.

Karibu nisahau nyaraka. Nyaraka mlizonikabidhi zinasema mwaka wa kutengenezwa ni 1972. Tangazo linasema 1970. Namba inasema D, yaani 1970. Na pikipiki yenyewe ina tangi la oili pembeni chini ya kiti, wakati Bonneville kuanzia toleo la 1971 hubeba oili ndani ya fremu. Kwa hiyo pikipiki ya 1972 hii haiwezi kuwa, hata mtoto akiiangalia. Kwenye fomu yenu ya ukaguzi, kipengele cha nyaraka na namba, pamewekwa tiki na saini. Saini hiyo ni ya nani? Alikuwa ameishika kalamu akiwa macho?

Nilipokuja kwenu siku ile nilikuwa nataka jambo dogo: mnitafutie injini halali ya mwaka huo, au mnirudishie tofauti ya bei. Ningekubali hata kusubiri. Hayo yamepita. Sitaki injini, maana fremu nayo ina doa lilelile, na sitaki kubadilishiwa pikipiki nyingine kutoka stoo ileile.

Ninachotaka ni shilingi milioni 38 zote zirudi, pamoja na gharama ya gari la kuibeba, malipo ya fundi, na gharama ya usajili. Ninataka jina la mtu mliyeinunua kwake na karatasi za mauziano hayo. Ninataka mnieleze kwa maandishi ile picha ilitoka wapi. Na ninataka meneja wa mauzo aniombe radhi palepale aliponitukania, vijana walewale wakiwepo na fundi wangu akiwepo, si kwa simu wala kwa barua ya katibu muhtasi. Bila hilo la mwisho, fedha peke yake sitazihesabu kuwa tumemalizana.

Nawapa siku kumi na nne tangu mtakapoipokea barua hii. Msijisumbue kutuma gari kuichukua pikipiki kabla ya fedha kufika. Ipo kwangu, imefungwa, silinda iko pembeni, na kila kovu limepigwa picha likiwa na rula kando yake. Wala msidhani kukwangua namba ni kuimaliza. Stempu inapogonga chuma hukandamiza mpaka chini ya inapoonekana, na wataalamu wa uchunguzi wana tindikali ya kupaka inayoweza kuirudisha namba ya mwanzo ionekane. Namba hiyo ikitokea, na ikawa kuna mtu mahali fulani anaitafuta pikipiki yake, mazungumzo yetu hayatakuwa tena ya malalamiko ya mteja. Yatakuwa ya mali ya wizi na kughushi, na risiti yenye muhuri wenu ndiyo itakayotangulia mezani.

Nilikusudia kuandika barua fupi.

Jina langu na namba ya simu mnavyo kwenye risiti. Tochi yangu iletwe pamoja na majibu.

Mteja wenu.

Nakala (zimeshachapwa na kutiwa kwenye bahasha, hazijatumwa):
Tume ya Ushindani (FCC), Dar es Salaam
Mkuu wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai wa Mkoa
Wakili wangu