Bahari haiishii Feri, Mhariri

Ndugu Mhariri, mbukwenyi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, na tafadhali usiikate sana, maana nimeona barua za wenzangu zikitoka zimebaki kichwa na mkia.

Mimi nauza samaki wa baharini hapa Dodoma, Majengo, na mama watoto ana shamba la alizeti na uwele upande wa Mvumi. Gazeti lenu nalisoma. Sasa kinachoniudhi ni hiki, kila Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi baharini, nyie mnalisukumia kule ndani kabisa, vimistari viwili vitatu chini ya tangazo la kiwanja, eti wakazi wa ukanda wa pwani wachukue tahadhari, basi imeisha hiyo. Sisi wa huku juu mnaona haituhusu. Wakati nyumba yangu nzima inakula kwa bahari, nauza kinachotoka humo na mke wangu analima kwa mvua inayotoka hukohuko.

Nianze na kitoweo maana ndo ninachokijua. Kuanzia mwezi wa tano kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inaanza kupiga mpaka mwezi wa tisa huko, na ikikolea Juni, Julai, Agosti unasikia lugha ileile kila wiki, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Msomaji wa Dodoma anasoma anajiuliza mita mbili ndo nini, si urefu wa mlango tu. Hakuna anayemwambia kwamba urefu wa mawimbi unaotangazwa ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo ndani ya bahari ya mita mbili anaweza akaja bwana mmoja anakaribia mita nne, na huyo mmoja ndo anayepindua ngalawa. Basi siku hizo wenye ngalawa na mitumbwi hawatoki, wenye boti za faiba wanatoka wachache tena wanavua karibukaribu, mnadani Feri, soko la samaki la Dar, bei inaruka asubuhi hiyohiyo, dalali ananipigia ananiambia mzee leo kolekole hakuna, kuna changu wadogo ukitaka chukua, na bei ya juzi sahau. Nachukua nifanyeje. Natia barafu, nalipa usafiri, mzigo unafika, mteja anasimama mezani kwangu anainua changu kwa mkia anakigeuza, anauliza bei, halafu anaanza, nyie mmepandisha sababu Bunge la bajeti lipo mjini, mnajua wabunge wana hela!

Sikatai, wapo wanaopandisha kwa ajili ya Bunge, hasa wa nyumba za wageni, lakini samaki wa baharini mwezi wa sita hapandishwi na mbunge. Ni kusi. Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, kusi inaingia humohumo, watu wakaunganisha vitu viwili visivyohusiana, na gazeti ambalo lingewaeleza limeiweka habari yenyewe chini ya tangazo la kiwanja.

Kuna na mwezi wa angani. Wale wanaokula supu ya pweza jioni wanashangaa kwa nini wiki hii pweza wapo wengi wiki ijayo hawaonekani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanakupwa mbali kabisa na miamba inabaki wazi, wachokoaji wanaingia kwa miguu na kijiti, wanapata. Yakija maji mafu miamba haifunuki vizuri, pweza anapungua. Dagaa nao wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi na vijana wanapumzika. Hivi vitu vinajulikana siku nyingi kabla, vimo kwenye majedwali ya maji kupwa na kujaa, sasa gazeti linashindwa nini kuandika mstari mmoja kwamba wiki hii ni bamvua?

Halafu hiyo kusi msidhani inaishia ufukweni. Lile vumbi la Julai na Agosti hapa mjini, upepo mkavu wenye baridi unaokung'oa kofia ukiwa kwenye bodaboda, ni ndugu wa huohuo unaopiga Mafia. Kule kusini baharini, maeneo ya visiwa vya Mascarene, kunakuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa, ukiimarika unasukuma upepo wa kusini mashariki kuja kwetu, pwani unainua mawimbi na huku unainua vumbi. Mimi sasa hivi nikiona mabati ya soko yanapiga kelele asubuhi mpaka jioni najua kesho kutwa bei itakuwaje kabla hata dalali hajapiga.

Tuje kwenye mvua, na hapa ndo nataka mnisikilize zaidi kuliko kwenye samaki. Dodoma tuna msimu mmoja tu, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba unaisha Aprili, na mwaka mzima tunapata kama milimita 570 hivi, wenzetu wanaokaa mgongo wa mashariki wa Uluguru wanapata mara tatu nne ya hizo. Unyevu unatoka baharini, unapanda milima, Uluguru, Ukaguru, unamwagwa hukohuko upande wa kwao, sisi nyuma ya milima tunabaki na masazo. Ukanda mvua, ule mstari wa mawingu ya mvua unaofuata jua, ukishuka kusini tunapata zamu yetu, na hewa ya Kongo nayo ikisukumwa kutoka magharibi inatusaidia. Sasa mtu mwenye masazo ndo anatakiwa ajue zaidi jikoni kunapikwa nini, sio ashibe habari za wengine.

Chukua mfano wa Januari na Februari. Mkulima amepanda, uwele umetoka, mvua inakata wiki mbili au zaidi, watu wanaanza kusemana kijijini nani kafunga mvua. Mara nyingi ukiangalia ramani siku hizo unakuta kuna mgandamizo mdogo au kimbunga kamili maeneo ya Madagaska au kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Kikikaa mahali fulani kinavuta upepo na unyevu kutoka kwetu, tunabaki na jua. Kikikaa mashariki ya Madagaska kuna nyakati kinaivuta hewa ya Kongo ipite juu yetu na tunapigwa mvua kubwa. Inategemea kimekaa wapi. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, mvua za masika upande huu wa Afrika Mashariki zilichelewa, na wataalamu walikitaja kimbunga hicho kwenye sababu. Gazeti liliandika maafa ya Beira, sawa kabisa, yalikuwa makubwa na watu walikufa wengi, lakini mkulima wa Mvumi hakuambiwa kwamba habari ile inafika mpaka shambani kwake, aamue kama anarudishia mbegu sasa au anasubiri.

Na kuna ile ya bahari nzima kuwa na joto upande mmoja. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, mvua za mwisho wa mwaka zinazidi. Ilitokea 2019, ikatokea tena 2023 pamoja na El Niño, na Desemba 3 mwaka huo majirani zetu wa Katesh pale chini ya Mlima Hanang wakafunikwa na tope. Wazee wa reli wa Gulwe nao waulizeni El Niño ya 1997, na mvua nyingine za baada ya hapo, tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe limechukuliwa na maji mara ngapi. Joto la bahari linapimwa kila siku kwa satelaiti, halijifichi, linaonekana miezi kabla. Sio kwamba likipanda lazima Dodoma tufurike, huku kwetu El Niño inaweza kuja na isituletee kitu cha ajabu kuliko kaskazini, hilo nalo mngelieleza, maana watu wakishasikia El Niño tu wanahamisha mbuzi.

Vimbunga ndo mnaviweka ukurasa wa mbele, hapo siwanyimi haki yenu. Lakini vinawekwaje? Mei 2024 wakati wa Hidaya kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kuliko picha, simu zikaanza kupigwa huku, shangazi yangu Chamwino akafunga kuku ndani. Chamwino! Kingekuwa na maelezo ya nusu ukurasa asingehangaika. Kwamba kimbunga kinakula joto la maji, kinataka bahari ya nyuzi 26 au 27 kwenda juu, kikigusa nchi kavu kinaanza kufa. Kwamba karibu na Ikweta ule mzunguko unaotokana na dunia kujizungusha ni dhaifu, ndo maana pwani yetu inavipata kwa nadra, Zanzibar 1872, Lindi 1952, halafu Hidaya iliyofika Mafia Mei 4 ikiwa imeshapungua nguvu. Ila mvua yake haikupungua, barabara ya Lindi ilikatika Somanga na sehemu nyingine, magari yakalala, na hiyo ndo habari iliyotakiwa kumfikia dereva wa lori wa Dodoma anayeelekea Mtwara. Kilipotulia, mkahamia habari nyingine. Kimeishia wapi, kiliacha nini, kimya.

Jingine fupi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 watu wa huku Zanzibar wanaiona jirani, asubuhi yupo stesheni mchana yupo bandarini Dar anaulizia boti, wengi ndo mara yao ya kwanza kuona bahari, na likizo zenyewe zinaangukia Juni na Julai, katikati ya kusi. Boti ya abiria ya MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, siku ya upepo mkali na bahari chafu. Sisemi watu wasiende, boti za siku hizi zikizuiwa zinazuiwa na bora zizuiwe, nasema abiria ajue kabla hajakata tiketi ya treni, sio afike Dar aambiwe usafiri umesitishwa akaanza kugombana na karani wa tiketi aliyemsaidia asife.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni kona moja, kila siku, isiwe mbali na ile ya bei za mazao ya Kibaigwa ambayo kila mtu anaisoma. Upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, mawimbi mita ngapi, bamvua au maji mafu, kama Mamlaka wametoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa na ni kwa siku zipi. Kipindi cha mvua ongezeni kama kuna kitu Madagaska na kinaelekea wapi. Halafu mstari mmoja kwa ajili ya mikoa ya kati, Dodoma na Singida, kwamba hii kwenu ina maana hii, au haina maana yoyote, hata hilo la pili ni habari. Mwandishi wenu wa hapa Dodoma awapigie wataalamu, taarifa zao za kila siku ziko wazi wala haziuzwi.

Na mkikosa nafasi, lile tangazo la kiwanja limekaa miezi sasa, nadhani kile kiwanja hakinunuliki.

Muuza samaki,
Majengo, Dodoma